Kiberiti Upele, Mrututu na Mbono: Majina ya Dawa za Ngozi katika Historia ya Kiswahili

Mtu akiingia dukani leo, Mombasa au Nairobi, akaomba kiberiti, atapewa kijisanduku cha njiti za kuwashia moto. Akitaka ile jiwe-unga ya manjano ambayo wazee walikuwa wakiisaga na kuichanganya na mafuta, itambidi aongeze neno moja: kiberiti upele. Jina hili si geni kwa wasomaji wa makamusi yetu ya zamani, na Johnson alilihifadhi katika kamusi yake ya mwaka 1939. Hata hivyo, yaelekea hatujajiuliza kwa makini jina hili linatuambia nini. Asili yake ni neno la Kiarabu, kibrit, ambalo maana yake ya kwanza ni hiyo hiyo madini ya manjano. Njiti za moto zilipoletwa katika Pwani yetu katika karne ya 19, zilichukua jina la madini yaliyopakwa vichwani mwake, na muda si muda mtoto akamnyang'anya mzazi jina. Ndipo madini yenyewe yakahitaji kupewa jina la ukoo ili yasichanganywe na njiti.

Hapa ndipo penye jambo. Madini hayo yangaliweza kuitwa kwa rangi yake, au kwa harufu yake, au kwa kazi yake katika kutengeneza baruti, ambayo ilikuwa kazi kubwa. Wasemaji wa Kiswahili hawakufanya hivyo. Waliyaita kwa maradhi yaliyoponywa nayo. Kwa hiyo neno kiberiti upele ni hati ya kihistoria: linashuhudia, bila ya mwandishi yeyote kuketi na kuandika, kwamba kwa mtu wa Pwani wa wakati ule matumizi ya mbele kabisa ya madini hayo yalikuwa ni kutibu upele. Na ushahidi huo haukosi uzito mbele ya sayansi. Upele unaletwa na kidudu kidogo mno cha jamii ya utitiri, ambacho huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai yake humo. Na marhamu ya kiberiti, yenye sehemu tano mpaka kumi katika mia, hutumiwa na madaktari hata sasa, hasa kwa watoto wachanga na wanawake wajawazito ambao dawa nyingine huwa zinaogopewa kwao.

Makala haya yanakusudia kuyatazama majina machache ya namna hii, ya dawa na ya maradhi ya ngozi, kwa jicho la mwanahistoria wa lugha. Sidai utaalamu wa utabibu. Ninachodai ni kwamba suala la usalama wa dawa za kienyeji, ambalo kwa kawaida huachiwa wanakemia na wataalamu wa mimea, lina upande mmoja ambao ni wetu sisi, nao ni upande wa jina. Dawa haipiti kutoka kizazi hadi kizazi ikiwa imetiwa katika chupa iliyobandikwa karatasi. Hupita ikiwa imefungwa ndani ya neno. Neno likibadilika maana, au likiwa na maana mbili, au likifasiriwa vibaya na mtunga kamusi, dawa iliyomo nayo hubadilika, na anayeumia si neno.

Tuanze na maradhi yenyewe. Kiswahili kina utajiri wa majina ya maradhi ya ngozi ambao ungemshangaza mtu anayedhani kwamba lugha yetu ni maskini katika mambo ya sayansi. Mbali na upele, tunao ukurutu, mba, choa, bato (na wingi wake mabato), punye, chunjua, jipu, balanga, ukoma na buba. Katika mitaa ya Nairobi nimesikia pia mashilingi, yaani yale mabaka ya mviringo ambayo huwashika watoto vichwani. Jina hili tunaweza kulipa umri bila ya taabu, kwani shilingi haikuwa sarafu ya Afrika Mashariki kabla ya miaka ya 1920. Ambao waliwahi kuugua maradhi hayo zama za rupia lazima waliyaita kwa jina jingine, na jina hilo ni punye au bato. Maradhi hayakubadilika. Kilichobadilika ni kitu cha mviringo kilichokuwa karibu na macho ya watu.

Lakini utajiri huu una hatari yake. Ukizilinganisha kamusi kadhaa utaona kwamba choa, bato na punye zote tatu hufasiriwa kwa neno moja la Kiingereza, lile la maradhi ya mabaka ya mviringo yaletwayo na kuvu. Msomaji wa kamusi hutoka akiamini kwamba ni visawe. Mtu wa Pwani hasemi hivyo. Punye ni ya kichwani na huondoa nywele; choa ni ya mwilini na huacha alama nyeupe nyeupe. Sasa, alama nyeupe katika ngozi nyeusi si jambo la kupuuzwa, kwani ukoma nao, katika siku zake za kwanza, aghalabu hujitokeza kwa baka lililofifia rangi. Tofauti ni kwamba baka la ukoma huwa limekufa ganzi: halihisi joto wala baridi wala ncha ya mwiba. Wazee walikuwa na majina mengi ya ugonjwa huu, matana, jedhamu, barasi, ukoma, na baadhi ya majina hayo hapana shaka yalitenga hatua au aina mbalimbali za maradhi. Kamusi zikayasaga yote pamoja. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye baka lisilohisi anaweza kuambiwa kuwa ana choa, akapakwa majani kwa mwaka mzima, na majani hayo yasimdhuru kwa lolote isipokuwa kwa wakati yaliompotezea. Na wakati ndio kila kitu katika ugonjwa huu. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza mchanganyiko wa dawa katika mwaka 1981, ukoma unapona kabisa, lakini vidole na mishipa iliyokwisha kuharibika hairudi.

Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu tunapozungumzia usalama wa dawa za miti, fikira zetu hukimbilia sumu. Sumu ipo, na nitaifikia. Lakini dawa isiyo na sumu hata chembe inaweza kudhuru kwa kukaa mahali pa dawa nyingine.

Buba linatupa upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Ugonjwa huu wa vidonda, ambao makamusi ya kale huutaja sana, ulikuwa umeenea mno nchini Kenya katika miaka ya 1920, na Idara ya Tiba ya serikali ya kikoloni iliushambulia kwa sindano za bismuthi na za dawa zenye zarniki. Vidonda vilikauka upesi, na watu waliokuwa hawaiamini hospitali kwa jambo jingine lolote walikwenda kwa makundi kutafuta sindano. Baadaye ilikuja penisilini, ambayo sindano yake moja ilitosha. Mafanikio haya yaliacha alama katika lugha na katika akili: neno sindano lilitoka katika kikapu cha mshonaji likaingia katika utabibu kwa nguvu mpya, na mpaka leo wako wagonjwa ambao hawajioni kuwa wametibiwa mpaka wadungwe. Ni vyema tukumbuke, kabla hatujawalaumu waganga kwa kutumia sumu, kwamba dawa hizo za serikali zilikuwa na zarniki na madini mazito, na zilikuwa na madhara yake. Tofauti haikuwa kwamba upande mmoja ulikuwa na sumu na upande mwingine haukuwa nayo. Tofauti ilikuwa ni kipimo, na kipimo ni kitu kinachoandikwa.

Sasa tuitazame sumu yenyewe, na hapa sina mfano bora kuliko mrututu. Neno hili linaonekana kabisa kama jina la mti. Lina kiambishi m- mbele, linafanana na mkwaju na mkunazi, na mwanafunzi wangu mmoja, nilipomwuliza, alijibu bila ya kusita kwamba ni mti na matunda yake ni rututu. Sivyo. Mrututu ni chumvi ya shaba, ile fuwele ya buluu ambayo wakulima wa kahawa wanaijua kwa kupulizia mibuni, na kamusi zetu zinaeleza kwamba hutumiwa kama dawa ya vidonda. Kwa maoni yangu asili ya neno ni Kigujarati, ambamo kitu hicho huitwa morthuthu. Sauti mo- ya mwanzo ikapungua ikawa m-, na neno la kigeni likavaa kanzu ya ngeli ya miti. Wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokuwa wakiuza madawa ya aina hii katika maduka ya Pwani, na njia ya neno imefuata njia ya bidhaa.

Yaweza kuonekana kwamba huu ni mchezo tu wa kifonolojia. Lakini katika mazungumzo ya siku hizi, ambapo neno dawa ya kienyeji limekuwa sawasawa na dawa ya miti, na dawa ya miti sawasawa na dawa isiyodhuru, jina linalofanana na la mti hubeba dhamana isiyostahili. Shaba huua vijidudu, ni kweli, na kidonda kidogo kikiguswa kwa fuwele huweza kukauka. Lakini ngozi iliyochubuka eneo kubwa huinywa. Katika miaka ya 1960 madaktari wa Marekani walieleza habari za mtoto aliyeungua moto ambaye alipopakwa chumvi hiyo ya shaba damu yake ilianza kuvunjika chembe. Mganga wa zamani aliyekuwa akigusa ncha ya donda ndugu kwa kipande cha mrututu alikuwa akifanya jambo moja. Mama wa leo anayesaga kijiko kizima na kumpaka mtoto mwenye ukurutu mwili mzima anafanya jambo jingine, ingawa jina la dawa ni lile lile na makamusi yetu yatamuunga mkono kwa maneno mawili: dawa ya vidonda.

Mwarobaini ni kisa tofauti. Mti huu si wa asili ya Pwani; ni mti wa Bara Hindi, uliovuka bahari na kustawi kwetu hata ukafikiriwa kuwa mzalendo. Huko Pwani wako wanaouita pia mkilifi. Jina lake lililoshika, kama kila mtu ajuavyo, hufasiriwa kuwa ni mti wa kutibu maradhi arobaini. Kuna watu ambao wameketi wakayahesabu maradhi hayo, na orodha zao nimeziona zikiuzwa sokoni, kila moja na arobaini yake. Nadhani wanajisumbua bure. Katika utamaduni wa Waswahili arobaini ni hesabu ya ukamilifu: mzazi hutoka siku ya arobaini, na maiti husomewa arobaini yake. Mti wa arobaini ni mti uliotimia, si mti wenye orodha. Kosa la kulichukua jina kwa hesabu limekuwa na matokeo, kwa maana mti uliokuwa na sifa njema kwa ngozi umetakiwa uponye kila kitu kwa kila njia, pamoja na kunywewa.

Kwa ngozi, ushahidi uko. Katika mwaka 1992 ilichapishwa taarifa ya majaribio kutoka India ambapo wagonjwa 814 wa upele walipakwa majani ya mwarobaini yaliyopondwa pamoja na manjano, na 97 katika mia yao wakapona kati ya siku 3 na 15. Majaribio yenyewe yalikuwa ya mwanzo tu, hayakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa hiyo hayatoshi kumaliza ubishi. Lakini si haba. Kinyume chake, mafuta ya mbegu za mti huo huo yaliponyweshwa watoto wachanga huko Malaysia yaliwaletea kutapika, usingizi mzito na degedege, na wengine walikufa. Taarifa ya madaktari kuhusu jambo hilo ilitolewa mwaka 1981. Jani juu ya ngozi na mafuta ndani ya tumbo ni vitu viwili. Kiswahili chetu huviita vyote mwarobaini.

Mfano ulionifanya niandike makala haya, hata hivyo, ni mbono. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilizoea kuipekua kamusi ya Padri Sacleux, yule Mfaransa aliyeishi Unguja na Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na ambaye alikuwa mkusanyaji wa mimea kama alivyokuwa mkusanyaji wa maneno. Sacleux hakuridhika kusema kwamba neno fulani ni jina la mti. Aliutafuta mti, akaupa jina lake la Kilatini. Niliporudi nyumbani, nikaenda Kilifi kuuliza kuhusu dawa za ngozi, nilibeba tabia hiyo. Wazee watatu, kila mmoja kwa wakati wake, waliniambia kwamba kidonda kisichokauka hupakwa mbono. Niliandika katika daftari: watu watatu, dawa moja. Siku ya pili nikawaomba wanionyeshe. Wawili walinipeleka kwenye mti ambao wengine huuita mbarika au mnyonyo, wenye mbegu za madoadoa, ambao mafuta yake huuzwa katika maduka ya dawa. Wa tatu alinipeleka ukingoni mwa makaburi, akavunja kikonyo cha mti mwingine kabisa, utomvu ukachuruzika, akasema: mbono ndio huu. Ulikuwa ni ule unaoitwa mahali pengine mbono kaburi.

Tofauti ya miti hii miwili si ya vitabuni tu. Mbegu za mbarika zina sumu kali, lakini sumu hiyo haiingii katika mafuta yanayokamuliwa na kuchemshwa kwa njia inayotakiwa, na kwa hiyo mafuta hayo hupakwa bila ya hofu kubwa. Mafuta ya mbono kaburi yana sumu ya namna nyingine, ambayo hubaki ndani ya mafuta yenyewe na huwasha ngozi na kuichoma. Miaka ya 2000, mti huo ulipopigiwa debe Kenya na Tanzania kwamba utatupatia mafuta ya mitambo, magazeti yaliuita mbono bila ya kiambishi chochote, na mkanganyiko ukaongezeka. Hali kadhalika mtupa, au utupa, ambalo katika sehemu mbalimbali ni jina la kichaka kinachotumiwa kuulevya samaki na kuua chawa, na mahali pengine ni jina la mnyaa, ambao maziwa yake hupakwa chunjua na ambayo tone lake moja likiingia jichoni huweza kumpofusha mtu.

Kamusi zetu zimefanya nini? Kamusi ya Krapf, iliyochapishwa mwaka 1882 baada ya kifo chake, ina maelezo marefu, hata ya porojo, na porojo hizo leo ni hazina. Sacleux ana Kilatini. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ambayo ni fahari yetu kwa kuwa ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili, aghalabu inapofika kwenye mimea hutupa maelezo mafupi ya namna ya aina ya mti, na hapo safari inakoma. Nasema hivi bila ya kudharau kazi kubwa ya waliotutangulia. Lakini aina ya mti si fasili. Ni kukiri kwamba hatukuutafuta. Na kitabu cha kutusaidia kimekuwapo tangu mwaka 1976, pale Profesa Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipochapisha kazi yake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, ambamo majina ya lugha zetu yamewekwa kando ya majina ya kisayansi. Ni aibu kidogo kwamba mtaalamu wa mimea ndiye aliyetufanyia kazi ya msamiati.

Sheria nayo ilichangia. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, ilitumia istilahi ya Kiingereza inayomchanganya mganga na mchawi katika neno moja, jambo ambalo mtoto yeyote wa Kiswahili angelishangaa, kwa kuwa kwetu mganga ndiye adui wa mchawi. Mwenye ujuzi wa majani akajifunza kunyamaza, na asiyesema hawezi kusahihishwa wala kusahihisha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi na kutaka isimamiwe, na hilo ni jema. Lakini atakayesajili dawa atahitaji kwanza jina, na atakuja kulitafuta kwetu.

Nimalizie kwa mshubiri, ambao una tatizo la kinyume: hapa vitu ni viwili na kamusi zinatupa neno moja. Ukilikata jani lake hutoka kwanza maji ya manjano machungu, ambayo yakichemshwa na kukaushwa huwa lile bonge jeusi linaloitwa shubiri, bidhaa ya kale ya bahari yetu. Kitabu cha Kigiriki cha mabaharia cha karne ya kwanza tayari kinaitaja miongoni mwa bidhaa za bandari ya Kane, Arabuni. Ni biashara ya maji hayo iliyomfanya Rais Moi apige marufuku, mwaka 1986, uvunaji wa mishubiri ya mwituni. Hiyo ni dawa ya kuendesha tumbo, na juu ya ngozi iliyochubuka huwasha. Ndani ya jani, baada ya maji hayo, mna kitu kingine cheupe, kizito, cha kuteleza, na hicho ndicho kinachotuliza ngozi iliyoungua. Tukiita vyote viwili utomvu, kama ilivyozoeleka, tunamwandalia msomaji madhara. Napendekeza utomvu ubaki kwa maji ya manjano, na cha ndani tukiite ute, kama tusemavyo ute wa yai, kwani kinafanana nao kwa sura na kwa mguso.

Bibi yangu hakuwa na haja ya pendekezo hili. Alipokuwa akitutibu tulipoungua, alilikata jani akalisimamisha ukutani kichwa chini, akatuzuia tusiliguse. Acha lilie kwanza, alikuwa akisema. Maji ya manjano aliyaita machozi, na cha ndani alikiita nyama. Machozi yaliachwa yaingie mchangani. Nyama ndiyo iliyopakwa. Nimeyatafuta matumizi hayo katika kila kamusi niliyoitaja hapa, na sikuyaona.